Mama wa Sala na Mama wa Nyumbani ni Mama Mmoja



Katika vikundi vya akina mama, tangu Shinyanga mjini, Kahama na Kakola hadi Geita na Katoro, kuna malalamiko mawili ambayo husikika kila tunapokaa kujifunza Neno la Mungu. Mama mmoja hulalamika kwamba wiki nzima imepita hajapata hata robo saa ya kupiga magoti, na sasa anahisi Mungu amemsahau. Mwingine husema mume wake amemwambia achague moja, kanisa au nyumba, kwa sababu siku hizi hapikiwi wala hasemezwi. Wa kwanza anaona nyumba imemla Mungu. Wa pili anaambiwa kwamba Mungu ameila nyumba.

Sisi ni wauguzi, na pia tunajitolea katika huduma za kanisa. Akina mama hawa tunawaona mahali pawili: Jumapili kwenye benchi la kanisani, na Jumatatu kwenye benchi la kliniki. Kwa hiyo tumejionea kwamba malalamiko haya mawili yanatoka katika chanzo kimoja. Tumezoea kumfundisha mama ajitahidi zaidi: aamke mapema zaidi, afunge zaidi, apike zaidi, avumilie zaidi. Ni mara chache tunajiuliza kama mzigo wenyewe umegawanywa sawasawa. Makala hii inasema jambo moja: mama hawezi kuleta uwiano huu peke yake. Ni kazi ya watu watatu, yaani mama mwenyewe, watu wa nyumbani mwake, na kanisa lake.

MAISHA YETU YALIVYO

Tuanze kwa kuitazama siku ya mama wa huku kwetu. Upande wa Shinyanga vijijini, mvua zikianza mwezi wa Novemba, mama yuko shambani kabla jua halijachomoza. Kuna pamba, mpunga, mahindi, mtama na choroko. Kuna viazi vitamu vya kukatwa na kuanikwa ili watoto wapate michembe na matobolwa wakati wa kiangazi. Akirudi, kuna maji ya kuchota, kuni za kutafuta na ugali wa kusonga.

Upande wa migodini siku ni ya namna nyingine, lakini haina nafuu. Nchi yetu hii imezoea madini kwa muda mrefu. Almasi za Mwadui ziligunduliwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009, ingawa huo wa mwisho umekwisha kufungwa. Kandokando ya migodi hiyo, na mbali nayo pia, wako wachimbaji wadogo kwa maelfu, katika sehemu kama Nyarugusu, Rwamgasa na Mwakitolyo. Penye duara la dhahabu patakuwa na mama lishe. Huyo huamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, maana wachimbaji wanataka chai na maandazi kabla hawajashuka chini. Wengine hutwanga mawe, wengine huosha mchanga, wengine huuza maji. Karasha ya kusaga mawe haijui Jumapili, na mwenye kibanda akifunga siku hiyo wateja huhamia kwa jirani.

Baba naye mara nyingi hayupo. Kama ameajiriwa mgodini, yuko zamu. Kama ni mchimbaji mdogo, amefuata mlipuko wa dhahabu kijiji cha mbali, na huenda akarudi baada ya mwezi au baada ya mwaka. Mama amebaki kuwa baba, mama, mkulima, mfanyabiashara na mwalimu wa Neno kwa watoto. Huyu ndiye tunayemwambia kila Jumapili kwamba Jumanne kuna ushirika wa akina mama, Jumatano kwaya, Alhamisi maombi, Ijumaa mkesha na Jumamosi usafi wa kanisa.

MARTHA TULIYEMSAHAU

Mama akichoka na kulalamika, mara nyingi huletewa habari ya Martha na Mariamu katika Luka 10. Huambiwa kwamba yeye ni Martha, tena husemwa kwa sauti ya kukemea, kana kwamba kupika ni dhambi.

Tuisome habari hiyo taratibu. Bwana hakumlaumu Martha kwa sababu alipika. Alimwonyesha kwamba anahangaika na kusumbuka kwa mambo mengi hata amani imemtoka, na kwamba anataka kumwondoa dada yake kwenye mafundisho. Kisha tuendelee mbele mpaka Yohana 11. Lazaro amekufa, na ni Martha yule yule anayetoka kumlaki Yesu njiani na kukiri kwamba Yeye ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Ungamo kubwa namna hiyo lilitoka katika kinywa cha mama wa jikoni. Tukifika Yohana 12 kuna karamu nyingine Bethania, na Martha bado anahudumu mezani. Safari hii hakuna anayemwambia neno. Kazi haikubadilika. Moyo wake ndio ulibadilika, naye akaendelea kuandaa chakula akiwa na utulivu.

Yuko pia Lidia wa Matendo 16, mfanyabiashara wa nguo za zambarau. Alikuwa na biashara yake na nyumba yake, na bado siku ya sabato alikutwa kando ya mto pamoja na wanawake wenzake mahali pa kusali. Baada ya kubatizwa, yeye na watu wa nyumbani mwake, aliwakaribisha mitume nyumbani kwake. Lidia hakuacha nyumba ili aende kwa Mungu. Aliifungua nyumba, na Injili ikaingia humo.

NANI ANABEBA MZIGO UNAPOONDOKA?

Hapa yafaa tuseme wazi jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulisikia. Kazi ya nyumbani haisimami mama anapokwenda kanisani. Kuna mtu anaifanya, na mara nyingi mtu huyo ni binti mkubwa. Yuko darasa la tano au la sita. Mama akiwa kwenye semina ya siku tatu, yeye ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni, aliyeteka maji na kupika. Madaftari yake hayajafunguliwa. Kama ni maeneo ya machimbo, yeye ndiye aliyebaki kibandani akiwauzia chakula wanaume asiowajua, jioni, mama akiwa kwenye maombi.

Akina mama, mkoa wetu una historia ambayo haifai tuifumbie macho. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba Shinyanga ya wakati ule, ambayo ilijumuisha sehemu za Simiyu na Geita za leo, iliongoza nchini kwa ndoa za utotoni. Karibu wanawake 6 katika kila 10 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Njia ya kwenda huko huanza kwa mambo madogo: binti kukosa shule siku moja, kisha siku mbili, kisha kushindwa mtihani, kisha wazazi kusema shule haimfai. Itakuwa huzuni kubwa kama sehemu ya njia hiyo imechimbwa na ratiba yetu ya maombi.

Kwa hiyo kabla ya kutoka kwenda kwenye ushirika, kila mama ajiulize: nimemwachia nani mzigo wangu, na je, mtu huyo anauweza? Kama jibu ni mtoto, basi siku hiyo sala yako iwe nyumbani, pamoja na mtoto huyo, huku mkipika pamoja. Mungu anayesikia kanisani anasikia jikoni.

KUFUNGA, MKESHA NA AFYA YA MWILI

Kufunga na kukesha ni hazina za imani yetu, wala hatuandiki ili kuzidharau. Lakini mwili pia ni wa Mungu, na kwenye kliniki tunaona matokeo pale mambo haya yanapofanywa bila busara.

Mama mjamzito na mama anayenyonyesha wasifunge chakula na maji. Mtoto aliye tumboni hula kupitia damu ya mama yake, na mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 hana chakula kingine ila maziwa ya mama. Kina mama hawa wanaweza kufunga kwa njia nyingine: kuacha umbeya kwa juma zima, kumsamehe mtu, au kutenga kibaba cha unga kwa ajili ya mjane. Isaya 58 inatuonyesha kwamba Mungu huiita hiyo saumu ya kweli.

Mwenye kisukari asifunge kabla ya kuzungumza na mtoa huduma wake wa afya. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, dawa za kifua kikuu au za shinikizo la damu, wasiruke hata dozi moja kwa sababu ya saumu. Kadhalika mtu akiombewa na kuamini amepona, amshukuru Mungu, lakini aendelee na dawa mpaka apimwe na wataalamu waseme vinginevyo. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Hata wale wenye ukoma aliowaponya Bwana, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani.

Kuhusu mkesha, mtoto mwenye homa asipelekwe mkeshani, wala asiachwe nyumbani kungoja mama arudi asubuhi. Mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi. Mtoto wa chini ya miaka 5 akipata joto la mwili, apimwe malaria siku hiyo hiyo, wala zisipite saa 24. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea na kuwa mgumu kuamka, hiyo ni hatari: akimbizwe kituo cha afya usiku huo huo. Wenzako wataendelea kuomba, nawe omba ukiwa njiani. Hutakuwa umekosa ibada.

Mama mwenyewe pia achunge usingizi wake. Katika 1 Wafalme 19 nabii Eliya alichoka hata akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika ampe chakula, akamwacha alale tena, akamlisha tena, ndipo safari ikaendelea. Mara nyingine uchovu tunaouita kupoa kiroho ni kukosa usingizi tu.

DHAHABU, ZEBAKI NA SADAKA

Kwa wale wa machimboni, jambo la kwanza ni zebaki. Mnajua jinsi inavyotumika kukamata chembe za dhahabu, kisha ile donge huchomwa ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Moshi wake ni sumu, hata kama huuoni wala kuusikia harufu. Huingia kwa kupumua na kudhuru mishipa ya fahamu na figo, na mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika ubongo. Ndiyo maana mataifa yalipatana mwaka 2013 katika Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walidhurika kwa kula samaki wenye zebaki. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2020. Mwaka 2013 pia shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu ya wilaya za Chunya, Geita na Kahama, ikiwa ni pamoja na kushika zebaki kwa mikono mitupu.

Haya yanahusianaje na sala? Yanahusiana sana. Haifai mama kumwombea mtoto usiku, na asubuhi baba akachoma zebaki kwenye jiko lile lile la kupikia uji. Dhahabu isichomwe ndani ya nyumba wala karibu na watoto na wajawazito. Vyombo vya zebaki visichanganywe na vya chakula. Nguo za kazini zifuliwe peke yake. Ombi la kumlinda mtoto hukamilika kwa kumwondoa penye hatari.

Jambo la pili ni fedha. Fedha ya dhahabu huja kwa kishindo na kuondoka kwa kishindo. Likitema duara, waganga wa bahati wako tayari kudai sehemu yao, baa ziko tayari, na kwa bahati mbaya wako pia wahubiri wanaomwambia mama atoe yote ili apate mara mia. Kutoa ni ibada, lakini katika Marko 7 Bwana Yesu aliwalaumu vikali watu waliosema mali yao ni wakfu kwa Mungu huku wazazi wao wakikosa msaada. Ada ya shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne imefutwa, lakini sare, madaftari na viatu havijafutwa. Mama na baba wakae wapange kwanza chakula, afya, shule na akiba, na sadaka wapatane kwa pamoja. Sadaka inayotolewa kwa siri na kuleta ugomvi nyumbani haimjengi mtu.

MAMA AFANYE NINI?

Kwanza, asitafute saa moja ambayo hana. Atafute dakika chache ambazo anazo. Haba na haba hujaza kibaba. Dakika tano kabla watoto hawajaamka, sala fupi njiani kwenda kisimani, mstari mmoja wa Biblia wa kutafakari wakati wa kupalilia, na sala ya pamoja kabla ya kulala. Inasimuliwa kwamba Susanna Wesley wa Uingereza, mama wa wahubiri John na Charles Wesley, aliyezaa watoto 19, alikuwa akijifunika uso kwa aproni yake alipotaka kusali, na watoto wakajua wasimsumbue. Sisi tunazo khanga. Watoto wetu nao waweza kufundishwa hivyo.

Pili, achague huduma moja kanisani, au mbili kama nafasi ipo. Mshika mawili moja humponyoka, sembuse mshika matano. Kukataa kwa upole si uasi.

Tatu, awe na siku moja katika juma ya kukaa na Mungu kwa utulivu, hata kama ni nusu saa, na watu wa nyumbani waijue. Kama Jumapili asubuhi ni siku ya biashara machimboni, apatane na mama lishe mwenzake: wiki hii huyu anauza na yule anasali ibada ya kwanza, kisha wanapokezana ibada ya pili.

BABA NA WATOTO JE?

Baba Mkristo asiseme kwamba mkewe anapotelea kanisani kabla hajajiuliza kama amewahi kumwambia akasali, yeye atabaki na watoto. Kuwaogesha watoto hakumwondolei mwanamume heshima yake. Kama yuko mbali mgodini, simu ipo: awapigie usiku, wasali pamoja dakika mbili, watoto wasikie sauti ya baba yao ikiwataja mbele za Mungu. Watoto wa kiume nao wateke maji na kuosha vyombo kama dada zao.

Kwa mama ambaye mume wake haamini, tunamsihi asiifanye imani kuwa ukuta. Amweleze mapema anakokwenda na saa atakayorudi, na arudi saa hiyo. Mume akiona kwamba sala inamrudisha mke mwenye upole na mwaminifu, moyo wake huanza kulainika. Lakini mume anayempiga mkewe ni jambo jingine. Huyo mama asiambiwe avumilie na kuomba tu. Asaidiwe na kanisa, na apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

NA KANISA LIBEBE SEHEMU YAKE

Wachungaji, mapadre na viongozi wa vikundi vya akina mama, tunawaomba kwa heshima muitazame ratiba. Musa alipoelemewa, Yethro mkwewe hakumshauri aombe nguvu zaidi. Alimshauri agawanye kazi. Na mitume katika Matendo 6 walipoona wajane wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, waliagiza wachaguliwe watu saba wa kuisimamia.

Ushirika wa saa kumi na moja jioni humkuta mama na sufuria jikoni. Je, hauwezi kufanyika Jumapili baada ya ibada? Msimu wa kupanda na kuvuna, vipindi vya katikati ya wiki vipunguzwe. Semina isipangwe siku ya kliniki ya watoto. Pawe na zamu ya kulea watoto wakati wa mafundisho, na akina baba na vijana wawe katika zamu hiyo. Ndugu zetu Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo zinazosali nyumba kwa nyumba. Utaratibu huo maaskofu wa Afrika Mashariki waliuchagua tangu miaka ya 1970, na unamwezesha mama kusali bila kutembea mwendo mrefu. Nasi wengine twaweza kujifunza hapo.

Na mama ambaye hajaonekana wiki tatu, asitangazwe kuwa amepoa. Atembelewe. Huenda mtakuta anauguza. Basi mmoja achote maji, mwingine apike, wa tatu akae na mgonjwa ili mama apate kulala. Mkimaliza mwimbe wimbo mmoja na kusali. Ushirika wa siku hiyo utakuwa umefanyika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Orodhesheni vipindi vyote vya wiki katika kanisa lenu. Ni vipi vinavyogongana na kazi za mama au masomo ya mabinti?
2. Ni nani katika kikundi chenu hajaonekana mwezi huu? Nani atamtembelea, na siku gani?
3. Ni jambo gani moja ambalo baba na watoto wanaweza kulichukua nyumbani ili mama apate nusu saa ya utulivu?

Tuombe. Ee Bwana, uliyekaa nyumbani kwa Martha na kula chakula chake, ingia katika nyumba zetu. Wape mama zetu pumziko, wape baba zetu moyo wa kusaidia, walinde mabinti zetu, na ulifundishe kanisa lako kubebeana mizigo. Amina.